Jioni bila bucha: hoja ya kiazi cha kuchoma Masasi na Newala

Agosti 2017 Serikali ya India ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoingia nchini humo kwa mwaka hazitazidi tani 200,000. Tangazo lilitolewa mbali, lakini lilipiga hodi moja kwa moja Newala, Masasi na Nachingwea, kwa sababu mbaazi ya kusini mwa Tanzania ilikuwa na mteja mmoja mkubwa, naye ndiye huyo. Bei ikaanguka, magunia yakabaki ndani. Yalisemwa mengi kuhusu masoko mbadala na hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja, na yote yalikuwa na maana. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba yale magunia yalikuwa chakula, tena chakula cha haja: kilo moja ya mbaazi kavu ina takriban gramu 200 za protini, kiasi kinachokaribiana na kile cha kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa. Mkulima aliyekalia gunia la kilo mia alikuwa amekalia protini ya ng'ombe mzima wa kienyeji, na bado, siku akitaka familia yake ile vizuri, alitoka kwenda kutafuta nusu kilo buchani.

Kusini imeishi hivyo kwa muda mrefu, ikilima protini na mafuta kwa ajili ya sahani za watu wengine. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, waliiingiza Nachingwea, jirani wa Masasi, katika mpango wao mkubwa wa karanga pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ukafa mwaka 1951, mapori yakiwa yameng'olewa bure. Korosho ilifuata njia hiyo hiyo kwa mafanikio makubwa zaidi, na leo ufuta na mbaazi nazo zinapita kwenye maghala ya stakabadhi kupitia vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ndiyo inayosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati. Ninachodai ni kwamba sehemu ndogo tu ya mazao hayo, ikikutanishwa na kiazi kitamu kilichochomwa taratibu, inatoa chakula cha jioni kilichokamilika, kitamu na cha gharama ndogo, na kwamba jioni hiyo haina sababu ya kuonekana pungufu kwa kuwa hapakuwa na nyama.

Tuanze na kiazi chenyewe na namna ya kukipika, maana hapo ndipo ardhi ya mahali inapoingia jikoni. Newala imekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini, na Msumbiji ng'ambo. Udongo wa juu ni wa kichanga wenye kina, hivyo maji ya mvua huzama na kwenda kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za mitelemko. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya shida hiyo ya maji na safari ndefu za kushuka kuyafuata na kupanda nayo, akaandika pia simulizi ya Wamakonde kwamba wazee wao waliusiwa kukaa juu kwa sababu mabondeni kuna maradhi na kifo. Watu walichagua afya, bei yake wakailipa kwa maji. Miaka ya 1950 mabomba yalianza kupandishwa kutoka chini, Wafini wakaja kuongeza nguvu kuanzia miaka ya 1970, na hata hivyo mtu wa uwandani anajua thamani ya ndoo ya maji kuliko mtu wa mjini. Kwake, kuchemsha sufuria zima la viazi ni matumizi yasiyo na ulazima. Kiazi cha kuchoma hakidai hata kikombe: kinapanguswa udongo, kinaingia majivuni.

Masasi iko chini ya uwanda, katikati ya majabali yake, na tangu mradi wa Mbwinji maji yamekuwa karibu zaidi. Huko hoja ya maji inapungua uzito, lakini inabaki hoja ya ladha, na ladha hii ina maelezo yake. Ndani ya kiazi kibichi mna wanga mwingi pamoja na kimeng'enya kinachoukata wanga huo kuwa sukari iitwayo maltosi. Kimeng'enya hicho hufanya kazi vizuri joto la ndani ya kiazi likiwa kati ya nyuzi 60 na 80 hivi za Selsiasi. Likizidi hapo kinakufa. Moto mkali hukipitisha kiazi hapo mbio mbio, kwa hiyo sukari inayotengenezwa ni kidogo, ganda linaungua na moyo unabaki mgumu. Majivu ya moto hukipandisha joto polepole, kikakaa katika kiwango hicho kwa muda wa kutosha, huku maji ya ndani yakipungua na utamu ukikolea. Aliyezoea kula kiazi cha kuchemsha akidhani ndiyo ladha yote aliyojaliwa kiazi, bado ana deni.

Kazi ya kuchoma ina masharti machache. Viazi viwe vya unene unaolingana, unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima unatosha, vinginevyo vyembamba vitakuwa mkaa kabla vinene havijaiva. Visimenywe wala kukatwa. Ganda ndilo chungu chake. Chenye vitundu vidogo vyeusi kiwekwe pembeni, kwa sababu hapo amepita fukusi, na kiazi alichokitafuna fukusi kinakuwa na uchungu ambao hakuna moto unaouondoa. Moto uachwe ushuke hadi ndimi za moto ziishe, majivu yachimbuliwe, viazi vilazwe, vifukiwe, na makaa yapangwe juu ya majivu pasipo kugusa ganda. Vigeuzwe mara moja au mbili. Baada ya dakika arobaini na tano hadi saa nzima, kutegemea ukubwa, kiazi kikibonyezwa kinabonyea hadi ndani, ganda linaachia nyama yake, na kwenye ncha panachuruzika ute mweusi unaonata vidoleni. Ule ute ni sukari iliyoungua kidogo, nao ndio ishara ya kuaminika kuliko saa. Wasio na mafiga wana njia yao: sufuria nzito, mchanga mkavu uliochekechwa kwa chini, mfuniko, moto mdogo, kama wanavyofanya waokaji wa keki wasio na oveni. Mwenye jiko la mkaa anaweza pia kupalia makaa juu ya mfuniko.

Wakati kiazi kiko majivuni, juu ya mafiga hayo hayo kuna nafasi ya sufuria ya mbaazi, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu watu wengi wanaoichukia mbaazi wameilishwa ikiwa imepikwa vibaya. Mbaazi kavu ilowekwe tangu usiku wa jana yake, maji ya kulowekea yamwagwe (au yapelekwe bustanini, kwa wa Newala), ichemshwe bila chumvi hadi ilainike kabisa. Mwezi wa sita na wa saba, zikiwa mbichi shambani, hazihitaji kulowekwa wala muda mrefu motoni. Kisha kitunguu, nyanya, pilipili, na kitu cha kuipa uzito. Pwani watasema tui, na nazi ikipatikana hakuna ubaya. Lakini uwandani mnazi si mti wa kila uwanja, ilhali mkorosho uko kila upande. Korosho mbichi zilizobanguliwa, zikitwangwa laini na kuchanganywa na maji ya vuguvugu, zinatoa rojo jeupe linalofanya kazi ya tui bila nazi hata moja. Ufuta uliokaangwa kidogo na kutwangwa nao unafaa, na kwa maoni yangu unaipa mbaazi harufu nzuri kuliko korosho. Mwisho ni matembele, yaani majani machanga ya kiazi chenyewe, yakikaangwa dakika chache tu yasipoteze rangi, na ndimu ikikamuliwa juu wakati wa kula.

Sahani hiyo ina nini? Gramu 400 za kiazi kilichochomwa, ambavyo ni viazi viwili vya wastani, zina protini kama gramu nane. Bakuli la mbaazi iliyopikwa lenye gramu 200 lina gramu 13 hivi. Kiganja cha korosho, gramu 30, kinaongeza gramu tano, na matembele mbili. Jumla ni kama gramu 28. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, maana yake mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 50. Mlo mmoja umempa zaidi ya nusu, pamoja na kalori zaidi ya 750. Mwenye kupinga atasema protini ya mimea si sawa na ya nyama, na ana haki: haimeng'enywi yote, na kila mmea una upungufu wake wa asidi amino fulani. Lakini mbaazi ina laisini nyingi na methionini kidogo, ufuta una methionini nyingi na laisini kidogo, na vikikutana kwenye sufuria moja kila kimoja kinafidia pungufu la mwenzake. Ukilinganisha sahani hii na ugali wa muhogo, ambao unga wake una protini ya asilimia mbili au pungufu, na vipande viwili vya nyama vilivyogawanywa kwa watu sita, sioni ni kwa kipimo gani ya pili inaitwa mlo na ya kwanza inaitwa kujikimu.

Pingamizi la kwanza linalotolewa na wenyeji wenyewe halihusu protini hata kidogo. Wanasema kiazi ni kitafunwa: cha asubuhi na chai, cha mchana shambani, cha mtoto anayesubiri. Asiyekula ugali hajala. Hili ni pingamizi la mazoea, na mazoea hayapuuzwi, lakini watu wa Newala wana mazoea mengine yanayolijibu. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, viazi vitamu, muhogo, magimbi na mbaazi ndivyo vinavyotandikwa mkekani magharibi kwa ajili ya futari, na hakuna anayelalamika kwamba amefuturu vitafunwa. Upande wa Masasi, ambako Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1876 na Wabenediktini wakaanza Ndanda mwaka 1906, kuna Ijumaa za Kwaresima zisizo na nyama. Kwa hiyo pande zote mbili zinazijua jioni za namna hii, ila tumezifungia ndani ya kalenda ya dini kana kwamba nje ya miezi hiyo tumbo hubadilika. Na kwingineko duniani kiazi kitamu kimebeba mzigo mkubwa zaidi ya huu: kisiwani Okinawa, Japani, takwimu za mwaka 1949 zinaonyesha karibu asilimia 70 ya kalori za watu zilitoka kwenye kiazi kitamu, kikisindikizwa na maharage ya soya na mboga za majani. Kizazi kile ndicho kilichokuja kusifika kwa kuwa na watu wengi waliovuka miaka mia. Sisemi kiazi peke yake ndicho kilichowapa umri huo. Nasema hakikuwanyima.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni heshima. Nyama ni chakula cha mgeni, na chakula bila nyama kinatangaza hali ya nyumba. Tuna msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone, na anachopona mwenyeji ni hicho: kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mwingine. Msemo huo unakubali waziwazi kwamba nyama ilikuwa ya siku maalumu. Kusini hali ilikuwa hivyo kuliko mikoa mingi, kwa sababu mbung'o na uhaba wa maji viliwazuia ng'ombe. Hadi leo mifugo mingi inayoonekana Lindi na Mtwara imekuja na wafugaji waliohamia huko, hasa baada ya kuondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na kuendelea. Nyama ya zamani ya huku ilikuwa ya mawindo, kuku, mbuzi kwa nadra, na ile ambayo Wamakua wa Masasi wanaitania kwa jina la samaki nchanga, yaani panya wa shambani. Anayedai kwamba jioni bila nyama ni kushuka hadhi ya mababu amewakosea mababu. Hadhi ya kula nyama kila siku ni ya juzi, ya mishahara na mabucha ya mjini. Siku ya mgeni kuku achinjwe, sina neno. Ila siku nyingine sita za wiki zisihukumiwe kwa kipimo cha siku ya mgeni.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mpingaji wa lishe ana haki kabisa, na anayeandika kutetea chakula bila nyama asipokiri hilo atakuwa anauza dawa ya kuponya kila kitu. Vitamini B12 haimo katika kiazi, mbaazi, korosho wala matembele. Inapatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama. Madini ya chuma yamo kwenye mbaazi na kwenye majani, lakini ya namna ambayo mwili huyachukua kwa shida, na chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inaongeza shida hiyo, ndimu inaipunguza. Mtoto wa chini ya miaka miwili ana tumbo dogo, na kiazi ni kikubwa kwa ujazo na chepesi kwa mafuta, hivyo anaweza kushiba kabla hajapata anachohitaji. Mama mjamzito naye ana mahitaji yake. Taifa ambalo takwimu zake zilionyesha udumavu wa asilimia 34 kwa watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2015/16, na asilimia 30 mwaka 2022, haliwezi kufanya mzaha na jambo hili. Jibu ni kwamba ninatetea jioni, si maisha yote. Mtoto apondewe kiazi na karanga au korosho iliyosagwa laini kabisa, apewe yai siku hii na unga wa dagaa siku ile. Fedha ambayo haikwenda kwenye nusu kilo ya nyama ya watu sita inatosha kununua dagaa wa mtoto mmoja kwa siku kadhaa, na mtoto huyo ndiye anayewahitaji kuliko baba yake.

Tukishamgusa mtoto, inabidi tuguse rangi ya kiazi, kwa sababu vingi vinavyouzwa Masasi na Newala ni vyeupe au vya manjano hafifu ndani, na hivyo vina utamu lakini havina vitamini A ya kutajika. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa kama Kabode, Mataya, Kiegea na Ejumula, vina beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 za aina nyingi za viazi hivyo zinatosha mahitaji ya siku nzima ya mtoto ambaye hajaanza shule. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka kwa majirani zetu, ng'ambo ya Ruvuma. Katika jimbo la Zambezia, katikati ya Msumbiji, utafiti uliomalizika mwaka 2005 ulizipatia familia marando ya viazi hivyo pamoja na mafunzo ya lishe, na idadi ya watoto wenye upungufu wa vitamini A katika damu ikashuka kutoka asilimia 60 hadi 38, huku katika vijiji ambavyo havikufikiwa pasiwe na nafuu kama hiyo. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga wa Uganda kwa kazi yao juu ya viazi hivyo, pamoja na Howarth Bouis aliyesukuma wazo pana la kuongeza virutubisho ndani ya mazao yenyewe. Kinachosahaulika ni kwamba beta-karotini haichukuliwi vizuri na mwili pasipo mafuta kidogo kwenye mlo. Hapo korosho na ufuta vinageuka kuwa sehemu ya lazima ya sahani, wala si pambo.

Kuna mlaji mmoja ambaye simshauri kiazi cha kuchoma, naye ni mwenye kisukari. Utamu ule ule niliousifu ndio unaomdhuru. Utafiti wa Jamaica uliochapishwa mwaka 2011, uliopima aina kumi za viazi vitamu, uliona kwamba vikichemshwa kasi ya kupandisha sukari katika damu ilikuwa kati ya 41 na 50 kwenye kipimo ambacho glukosi safi ni 100. Vikichomwa ilikuwa kati ya 79 na 93. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipitia juu juu. Mbaazi na korosho kwenye sahani hiyo hiyo vinapunguza kasi, lakini kwa mgonjwa kuchemsha ni salama zaidi, na sehemu ya mbaazi iwe kubwa kuliko ya kiazi. Kwa mtu mzima anayeshinda shambani akipogoa mikorosho, kasi hiyo si tatizo.

Halafu kuna wanaosema: korosho si ya kula, ni ya kuuza. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi ndizo zinazotoa kilo moja ya kiini, kwa hiyo aliyeona bei ikifika shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo Serikali ilitangaza kununulia mwaka 2018, anaona kila kiganja kikiwa fedha. Hesabu hiyo ni sahihi kwa korosho nzima za daraja la juu. Lakini katika kubangua kuna vipande vinavyovunjika, na kuna zao la daraja la pili ambalo ghalani bei yake inashushwa. Hivyo ndivyo vinavyofaa kutwangwa, kwa kuwa rojo halina haja ya kiini kizima. Atakayebangua nyumbani akumbuke tu kwamba mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na moshi wake unawasha macho, basi kazi hiyo ifanyike nje, mbali na watoto. Na nyumba isiyo na mkorosho isione imefungiwa mlango. Karanga, ufuta, hata njugu mawe zilizochemshwa zinashika nafasi hiyo bila aibu.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la kuni. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034, na moshi wa jikoni unaua kweli, hasa wanawake na watoto wanaokaa karibu nao. Kusifia majivu wakati huo kunaweza kuonekana kurudisha watu nyuma. Lakini kwa leo, katika nyumba nyingi za vijijini Masasi na Newala, moto wa kuni unawashwa jioni kwa vyovyote, hata kama Mkoa wa Mtwara wenyewe ndio wenye gesi ya Mnazi Bay na bomba lililofika Dar es Salaam mwaka 2015. Moto mmoja unaoivisha mbaazi juu na viazi chini unatumia kuni pungufu kuliko mioto miwili, na kuni hizo zinaweza kuwa matawi yaliyopogolewa kwenye mikorosho badala ya mti uliokatwa porini. La muhimu ni jikoni pawe na upenyo wa hewa. Na gesi ikifika, kiazi hakifi: sufuria yenye mchanga inakipokea, ingawa nakubali harufu ya majivu itapotea, na mtungi utalalamikia saa nzima ya moto hata kama ni mdogo. Mbaazi iliyolowekwa vizuri itafidia sehemu ya gesi hiyo.

Linalobaki ni msimu. Uwanda una mvua moja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo viazi vingi vinachimbwa kuanzia Mei hadi Agosti, sanjari na mbaazi mbichi. Korosho mpya inakuja Oktoba, viazi vikiwa vimeadimika. Wasukuma walilitatua tatizo lao kwa kukausha, wakapata michembe na matobolwa, lakini hivyo havichomwi. Kwa huku, njia ya karibu ni kuviacha viazi ardhini na kuchimba vya kutosha siku mbili tatu, kwa sharti la kufukia nyufa za tuta kila zinapotokea, kwani ni kupitia nyufa hizo fukusi wa kiangazi huingia. Kuhusu marando ya msimu ujao, yasiachwe yakauke shambani pamoja na mashina yake. Kitalu cha hatua tatu kwa mbili nyuma ya bafu, au pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, kinatosha kuyaweka hai hadi mvua, bila kugusa ndoo ya maji ya kunywa. Anayetaka ya rangi ya chungwa amuulize bwana shamba wa kata mapema, Oktoba ikiwezekana, kwa sababu Desemba kila mtu anayataka, na rando lililosafirishwa siku nyingi juani halishiki.